Nyumba Iliyojengwa Kuusubiri Moto

Ndugu msomaji, leo tutasafiri. Tutaanzia Shinyanga, katika kijiji nilichozaliwa. Tutapita Dar es Salaam. Kisha tutavuka bahari mpaka London, mji mkuu wa Uingereza. Huko tutaitazama nyumba moja ya zamani. Nyumba hiyo ilijengwa kwa kazi moja tu, kuusubiri moto. Mwisho tutarudi nyumbani, maana moto unaotuhusu sisi uko nyumbani.

MOTO WA MWEZI WA NANE

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Ulikuwa mwezi wa nane. Mavuno yalikuwa yamekwisha na mpunga ulikuwa ndani ya kihenge. Nyasi zote zilikuwa kavu. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma tangu asubuhi.

Bibi yangu alikuwa anaishi katika msonge. Vijana wa leo huenda hawakuuona msonge vizuri, kwa hiyo nitaueleza. Msonge ni nyumba ya mviringo. Ukuta wake ni wa miti na udongo. Paa lake ni la nyasi, nalo hushuka chini karibu na ardhi. Ndani kuna mafiga matatu ya kupikia.

Wazee hawakuwa wajinga kuweka moto ndani ya nyumba ya nyasi. Moshi ulikuwa na faida. Ulifukuza mchwa na wadudu. Ulikausha mbegu zilizotundikwa juu ya mafiga. Lakini faida hiyo ilikuwa na bei yake. Nyasi zilizokaushwa na moshi kwa miaka mingi huwaka upesi sana.

Siku ile mama alikuwa anapika kwa bibi. Upepo uliingia mlangoni ukainua cheche. Cheche moja ilipanda juu. Mama alipoinua macho, paa lilikuwa linawaka.

Bibi alipiga yowe. Kwa Kisukuma yowe hilo huitwa mwano. Mtu akisikia mwano haulizi maswali. Huacha kazi yake akakimbia. Watu walifika upesi, wanaume kwa wanawake. Walikuwa wengi kuliko waliohitajika.

Lakini walifika mikono mitupu. Nyumbani kulikuwa na mtungi mmoja wa maji na ndoo mbili. Lambo lilikuwa mbali, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Ngazi yetu alikuwa ameiazima jirani aliyekuwa akiezeka nyumba yake. Mtu mmoja alitumwa kuifuata. Aliporudi nayo, hapakuwa na paa la kupandia.

Wanaume walifanya jambo moja la maana. Walikata kwa panga na kuvuta kwa majembe nyasi za nyumba ya jirani, ili moto usipate njia ya kupita. Nyumba ile ilipona. Msonge wa bibi uliteketea, na kihenge cha mpunga kiliteketea pia. Hakuna mtu aliyekufa. Lakini mwaka ule tulikula chakula cha kukopa mpaka mavuno mengine.

Nilikua na swali moja moyoni. Watu walikuwepo. Walikuja upesi. Walikuwa na nguvu na moyo wa kusaidia. Kwa nini tulishindwa? Jibu nililipata miaka mingi baadaye, mbali sana na kijiji chetu.

KITUO KINACHOITWA FIRE

Mwaka 2016 nilipelekwa London kwa mafunzo ya wiki tatu. Nilisafiri kwa basi kutoka Shinyanga mpaka Dar es Salaam ili nipande ndege.

Katika jiji la Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro, kuna kituo cha mabasi kinachoitwa Fire. Kondakta akitaja jina hilo, abiria wote wanajua ni wapi. Jina hilo limetoka kwenye kituo cha zimamoto kilichopo hapo, panapokutana Barabara ya Morogoro na Barabara ya Umoja wa Mataifa. Fire ni neno la Kiingereza, maana yake ni moto.

Nilipokuwa napita hapo nilijiuliza jambo dogo. Nyumba ya zimamoto inajengwaje? Je, inajengwa kama nyumba nyingine? Au ina mambo yake? Nilipofika London niliamua kulitafuta jibu.

MJI ULIOFUNZWA NA MOTO

London ni mji uliofunzwa na moto. Mwaka 1666, tarehe 2 Septemba, moto ulianza usiku katika duka la mwoka mikate. Ulitokea kwenye tanuri. Wakati ule nyumba nyingi za London zilikuwa za mbao, nazo zilibanana sana. Kulikuwa na upepo mkali baada ya kiangazi kirefu.

Watu walipigana na moto kwa ndoo za ngozi. Walikuwa na fimbo ndefu zenye ndoana za chuma kwa ajili ya kuangusha mapaa na kuta. Yaani walifanya kama walivyofanya wanaume wa kijiji chetu kwa majembe. Baadaye walilipua nyumba kwa baruti ili kuufungia moto njia. Hata hivyo moto uliwaka siku nne. Uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87.

Baada ya hapo ilitungwa sheria. Nyumba mpya za mji zijengwe kwa matofali au mawe. Njia nyingine zilipanuliwa.

Lakini kikosi cha zimamoto cha mji mzima hakikuwepo kwa muda mrefu. Kazi hiyo ilifanywa zaidi na makampuni ya bima. Mwenye nyumba alilipa fedha, na kampuni ikabandika alama ya chuma ukutani kwake. Kila kampuni ilikuwa na watu wake wa kuzima moto. Mwaka 1833 makampuni kadhaa yaliunganisha vikosi vyao. Mkuu wao aliitwa James Braidwood. Mwaka 1861 maghala yaliyo kando ya mto Thames yaliwaka moto. Ukuta ulimwangukia Braidwood akafa akiwa kazini. Hasara ilikuwa kubwa mno kwa makampuni. Ndipo serikali ikatunga sheria mwaka 1865, na mwaka 1866 kikosi cha umma kikaanza kazi.

Kikosi cha umma kilihitaji nyumba. Hapo ndipo zilipojengwa nyumba nyingi za zimamoto mjini London. Moja ya nyumba hizo ndiyo niliyokwenda kuitazama.

NYUMBA YA MTAA WA CHILTERN

Nyumba hiyo iko katika mtaa unaoitwa Chiltern, sehemu ya mji inayoitwa Marylebone. Ilijengwa mwaka 1889. Msanifu wake, yaani mtu aliyechora ramani ya jengo, aliitwa Robert Pearsall. Jina lake la kwanza lilikuwa Kituo cha Zimamoto cha Manchester Square.

Nilisimama upande wa pili wa mtaa nikaitazama. Ni nyumba ya ghorofa, ya matofali mekundu ya kuchoma. Pembezoni mwa madirisha na milango yamewekwa mawe yaliyochongwa, yenye rangi nyeupe zaidi kuliko matofali. Kutoka mbali unaweza kudhani ni kanisa la zamani. Watu wa wakati ule walipenda kujenga nyumba za umma kwa namna hiyo, zenye matao, ncha na minara, ili mwananchi akipita aone kuwa kazi ya humo ni kazi ya heshima.

Lakini ukiitazama taratibu, utaona kuwa kila sehemu ya nyumba ya zimamoto ina sababu yake. Na sababu ni ile ile, kuokoa dakika. Moto wa dakika moja unazimwa kwa ndoo. Moto wa dakika kumi unataka watu wengi na maji mengi. Moto wa nusu saa huacha majivu. Basi nyumba nzima imejengwa ili watu watoke upesi. Nitakueleza sehemu zake moja moja, kama zilivyokuwa katika nyumba za aina hii.

Milango. Milango ya zimamoto ni mipana na mirefu, nayo inatazama barabara. Haitazami uani. Gari halihitaji kugeuka wala kurudi nyuma. Mlango ukifunguka, gari liko njiani. Mbele ya mlango hapaegeshwi kitu chochote.

Farasi. Mwaka 1889 zimamoto ya London haikuwa na magari ya petroli. Mashine ya kusukuma maji iliendeshwa kwa mvuke na kuvutwa na farasi. Katika vituo vingi farasi walikaa karibu kabisa na mashine yao. Mahali pengine hatamu na mikanda yao ilining'inizwa darini, juu ya mahali wanaposimama. Kengele ikilia, mikanda ilishushwa juu ya migongo yao, ikafungwa, wakaondoka. Wewe mwenye ng'ombe wa kukokota unaelewa faida yake. Fikiria nira ingekuwa inaning'inia tayari zizini, na mkokoteni uko mlangoni. Usingepoteza muda kuwakimbiza ng'ombe.

Mnara. Kabla simu hazijaenea, nani angejua moto unawaka wapi? Mtu alipanda mnarani akatazama moshi mchana na mwanga usiku. Ni kama ulingo wetu wa shambani, ambapo mtoto hukaa juu kuangalia ndege na wanyama waharibifu. Mnara ulikuwa na kazi ya pili pia. Mipira ya maji ya zamani ilitengenezwa kwa ngozi, na baadaye kwa turubai. Turubai likikunjwa bichi huoza. Kwa hiyo katika vituo vingi mipira ilitundikwa mnarani kwa urefu wake wote, maji yakachuruzika, ikakauka. Mpira uliooza hupasuka mbele ya moto. Kwa hiyo kukausha mpira ilikuwa ni sehemu ya kuzima moto.

Chumba cha ngazi. Nyumba hii ya Chiltern ilikuwa na banda lake la ngazi. Niliposikia habari hiyo nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilikumbuka ngazi yetu iliyokuwa kwa jirani. Hawa watu waliijengea ngazi nyumba yake! Ngazi ya zimamoto haiazimwi. Usiku wa manane, hata gizani, askari anajua iko wapi.

Vyumba vya kulala. Askari waliishi ghorofani, juu ya mashine zao. Wengine waliishi na wake zao na watoto wao. Kengele ilipolia hawakutembea mtaa mzima kwenda kazini. Walishuka tu.

CHUMA CHA KUTEREMKIA

Hata ngazi ya kushukia ilionekana ni polepole. Hapa nitakuambia habari ya mji mwingine, Chicago, nchini Marekani. Mwaka 1878 huko kulikuwa na kikosi cha zimamoto namba 21. Askari wake walikuwa watu weusi, wenye asili ya Afrika.

Ghorofani waliweka majani makavu ya farasi. Walikuwa na mti mrefu uliotumika wakati wa kusafirisha majani hayo. Siku moja kengele ililia. Askari mmoja aliyekuwa juu aliukumbatia mti ule, akateleza mpaka chini. Alifika kabla ya wenzake waliopita kwenye ngazi. Kapteni wao, David Kenyon, aliona jambo hilo akalifikiria. Akaomba ruhusa ya kutoboa sakafu na kusimamisha nguzo ya kudumu.

Vikosi vingine viliwacheka. Lakini kikosi namba 21 kilianza kufika kwenye moto kabla ya wengine. Kicheko kikaisha, na wengine wakaiga. Baadaye nguzo zilitengenezwa kwa chuma, zikaenea nchi nyingi.

Ndugu msomaji, fundisho lipo hapo. Wazo lile halikutoka kwa msomi mkubwa. Lilitoka kwa mtu wa kazi, aliyetumia mti wa majani kwa namna mpya.

NYUMBA INABADILI KAZI

Kituo cha Chiltern kilifanya kazi zaidi ya miaka 100. Farasi waliondoka, magari yakaja. Simu zilikuja, mnara ukapoteza kazi yake ya kuona moto. Mwaka 2005 kituo kilifungwa.

Katika nchi nyingi vituo vya zamani vimefungwa kwa sababu zinazofanana. Magari ya siku hizi ni marefu na mazito, na milango ya zamani ilipimwa kwa farasi. Mipira ya siku hizi haiozi kama turubai. Miji nayo imepanuka, kwa hiyo vituo huhamishiwa mahali pengine.

Je, nyumba ya zamani ibomolewe? Kule Uingereza nyumba zenye historia huandikwa katika orodha ya serikali. Nyumba ikishaandikwa, mwenyewe haruhusiwi kuibomoa au kuibadili ovyo. Nyumba ya Chiltern imo katika orodha hiyo. Kwa hiyo haikubomolewa. Iligeuzwa kuwa hoteli yenye vyumba 26, na mwaka 2014 ilifunguliwa. Mahali magari ya zimamoto yaliposimama pakawa chumba cha kulia chakula. Watu mashuhuri wa sinema na muziki walikwenda kula hapo.

Mimi sikuingia. Bei ya chakula cha mtu mmoja ingetosha kununulia mbuzi, na pengine na kamba ya kumfungia. Nilisimama nje nikatazama mnara. Baridi iliponizidi nikaondoka.

JIKO LA HOTELI

Sasa sikiliza habari iliyonifanya niandike haya.

Tarehe 14 Februari 2025 nyumba hiyo iliungua. Ndiyo, nyumba iliyokaa zaidi ya karne moja ikisubiri moto wa wengine, ilishika moto yenyewe. Zilitolewa taarifa kwamba kuni zilizokuwa zinawaka zilianguka kutoka kwenye tanuri la jikoni. Moto ulipita katika njia ya kutolea moshi na hewa, ukapanda mpaka paani. Magari 20 ya zimamoto yalikwenda, na askari wapatao 125. Watu wapatao 100 walitoka nje salama. Hakuna aliyekufa.

Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria mambo matatu.

La kwanza, moto hauheshimu jina la nyumba. Matofali mekundu na mawe ya kuchonga hayakuuzuia. Kilichoanza ni kuni na jiko, kama ilivyokuwa London mwaka 1666, na kama ilivyokuwa kwa bibi yangu.

La pili, nyumba ile ilikuwa na kila kitu cha zimamoto isipokuwa zimamoto yenyewe. Milango ilikuwepo. Mnara ulikuwepo. Banda la ngazi lilikuwepo. Lakini watu wa zamu, maji na mipira vilikuwa vimehamia mahali pengine. Basi msaada ulilazimika kutoka nje.

La tatu ndilo jibu la swali langu la utotoni. Kijijini kwetu mambo yalikuwa kinyume. Sisi tulikuwa na watu, lakini hatukuwa na matayarisho. Kituo cha zimamoto ni matayarisho yaliyojengwa kwa matofali. Kama huna matofali hayo, matayarisho bado unaweza kuyafanya.

TURUDI SHINYANGA NA GEITA

Zamani miji ya Wasukuma ilikuwa mbali mbali. Kila mji ulikuwa na boma lake la minyaa. Nyumba moja ikiungua, nyingine haikupata cheche. Mwaka 1974 wananchi wengi walihamia katika vijiji vya pamoja. Tulipata shule, zahanati na maji kwa karibu. Lakini nyumba nazo zilikaribiana. Leo miji yetu midogo imekua, na maduka yamebanana ukuta kwa ukuta. Moto wa duka moja sasa ni moto wa mtaa.

Misonge imepungua. Wengi wamejenga nyumba za matofali na bati. Hilo ni jambo jema, lakini lisitudanganye. Bati haliwaki, lakini godoro linawaka. Mapazia yanawaka. Pamba iliyorundikwa chumbani ikisubiri kuuzwa inawaka. Petroli ya pikipiki iliyowekwa kwenye chupa ya soda karibu na jiko ni hatari kuliko paa la nyasi.

Katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama hatari ni kubwa zaidi. Wachimbaji wadogo hufika mahali papya wakajenga kambi kwa siku chache. Vibanda ni vya miti, nyasi na maturubai. Kuna majiko ya mama lishe, jenereta na madumu ya mafuta. Kati ya kibanda na kibanda hata mtu mnene hapiti. Cheche moja ikipata upepo, kambi nzima iko hatarini.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo katika mikoa yetu, na namba yake ya simu ni 114. Piga simu hiyo mapema. Usingoje mpaka umeshindwa. Taja kijiji, barabara, na alama kubwa iliyo karibu, kama shule au mnara wa simu. Lakini tuseme kweli. Gari likitoka mjini kuja kijiji cha mbali, njia ni ndefu. Dakika za kwanza ni zenu wenyewe.

KITUO CHENU BILA MATOFALI

Basi tuichukue ile nyumba ya Chiltern, tuigawe vipande, tuone kila kipande kinaweza kuwa nini kijijini.

Mlango mpana ni njia iliyo wazi. Katika kijiji au kambi ya machimbo, acheni njia ambayo mkokoteni unaweza kupita mpaka nyumba ya mwisho. Mtu asijenge kibanda wala kuweka kuni katika njia hiyo.

Farasi na mashine ni mkokoteni wenu wa ng'ombe na mapipa ya maji. Wakati wa kiangazi pipa moja likae limejaa mahali panapojulikana. Mahali ambapo maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria yamefika, kazi hii imekuwa rahisi kuliko zamani. Mahali ambapo bado mnategemea lambo, mchanga mkavu nao unafaa. Mchanga hauozi, haukauki, wala hauibwi. Tena moto wa petroli au mafuta ya kupikia usimwagiwe maji, maana maji huyatawanya mafuta. Ufunike kwa mchanga.

Mnara ni macho na yowe. Hapa sisi hatuna la kujifunza kwa mtu, maana mwano tunao tangu enzi za mababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu walianza Shinyanga na Kahama, wakatumia yowe kuwakusanya watu dhidi ya wezi wa ng'ombe. Yowe lile lile linafaa kwa moto. Lakini kubalianeni sauti au kengele ya moto iwe tofauti na ya wezi. Mtu akisikia wezi huchukua fimbo. Akisikia moto achukue ndoo.

Banda la ngazi ni mahali pamoja pa kuweka vifaa. Ngazi moja, ndoo kadhaa, kamba, panga, na mti mrefu wenye ndoana. Viwekwe shuleni, au ofisi ya kijiji, au kwa balozi. Visiazimwe kwa harusi wala kwa kuezekea nyumba. Nasema hivyo kwa uchungu, na sababu unaijua.

Vyumba vya askari ni zamu. Chagueni vijana kumi au kumi na wawili. Wajue nani anakimbilia maji, nani anashika ngazi, nani anapiga simu, nani anawatoa watoto, wazee na wagonjwa kwanza. Wafanye mazoezi kabla ya kiangazi kuanza.

Na ule ukuta wa matofali? Kijijini ukuta huo ni nafasi. Jiko likae mbali na nyumba ya kulala, upande ambao upepo hautapeleka cheche kwenye nyumba. Kihenge kikae mbali na jiko. Shinyanga tunajua kazi hii katika ngitili. Tangu mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, wananchi wamehifadhi ngitili nyingi, na miti imerudi mahali palipokuwa jangwa. Anayetunza ngitili hufyeka ukanda pembezoni ili moto wa nyika usiingie. Ukanda kama huo ufyekwe kuzunguka nyumba pia.

LADHA YA MPUNGA ULIOUNGUA

Bibi yangu alijengewa nyumba nyingine na wanakijiji. Safari hii jiko lilijengwa peke yake, hatua ishirini kutoka nyumbani. Babu alizihesabu hatua hizo mwenyewe. Ngazi yetu iliporudishwa, aliifunga kwa kamba kwenye mwembe ulio mbele ya nyumba. Mtu aliyekuja kuiazima alipewa maji ya kunywa, akaaga, akaondoka bila ngazi.

Wakati ule nilidhani babu amekuwa mchoyo. Niliposimama katika mtaa wa Chiltern nikitazama banda la ngazi, nilimwelewa. Mzee ambaye hakujua kusoma, na ambaye hakuwahi kuiona London, alikuwa amejenga kituo chake cha zimamoto kwa kamba moja na mwembe mmoja.

Mpunga ule ulioungua haukuteketea wote. Chini ya kihenge ulibaki kidogo, umekuwa mweusi. Bibi aliupepeta, akaupika. Ulikuwa mchungu, lakini tuliula. Ladha yake ninaikumbuka mpaka leo.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, toka nje ya nyumba yako. Tazama jiko liko wapi na upepo unatoka wapi. Tazama pipa lina maji kiasi gani. Kisha uliza ngazi iko kwa nani.